Upimaji wa umbali wa galaksi kibete kwa redio

Upimaji wa umbali wa galaksi kibete kwa redio ni matumizi ya mawimbi ya redio kutoka gesi ya hidrojeni ili kukadiria umbali wa galaksi ndogo na hafifu, hasa zile zinazozunguka galaksi kubwa kama Njia Nyeupe. Umbali ni msingi wa vipimo vingine: ukikadiriwa mara mbili ya umbali halisi, masi ya gesi na mwangaza wa galaksi huonekana kuwa mara nne.

Mawimbi ya sentimita 21

Atomu za hidrojeni hutoa mawimbi yenye urefu wa sentimita 21. Hendrik van de Hulst wa Uholanzi aliyatabiri mwaka 1944, na mwaka 1951 Harold Ewen na Edward Purcell waliyapokea nchini Marekani. Kutokana na athari ya Doppler, galaksi inayotukaribia hupunguza urefu wa mawimbi, na inayokwenda mbali huuongeza. Kwa hiyo darubini ya redio hupima kasi. Umbali hukadiriwa baadaye.

Njia za kukadiria

* Kanuni ya Hubble: kadiri galaksi inavyokwenda mbali nasi kwa kasi zaidi, ndivyo umbali wake ulivyo mkubwa zaidi.
* Uhusiano wa Tully–Fisher (1977): galaksi inayojizungusha kwa kasi zaidi huwa na mwangaza halisi mkubwa zaidi, ambao hulinganishwa na mwangaza unaoonekana. Kwa galaksi kibete njia hii si ya uhakika, maana gesi yake huenda huku na huko karibu kwa kasi ileile ya mzunguko.
* Ujirani: galaksi ndogo ikionekana kando ya galaksi kubwa, na kasi zao zikikaribiana, huhesabiwa kuwa satelaiti yake na kupewa umbali uleule.

Mfano wa Leo P

Galaksi kibete Leo P iligunduliwa kwa darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, ikatangazwa mwaka 2013. Kasi yake kulingana na Jua ni kilomita 264 kwa sekunde. Kanuni ya Hubble ikitumiwa moja kwa moja, umbali unakuwa takriban miakanuru milioni 12. Lakini darubini ya anga-nje ya Hubble ilipima nyota zake na kupata takriban miakanuru milioni 5.3. Tofauti hiyo inatokana na mwendo wa Jua ndani ya Njia Nyeupe pamoja na mvutano wa galaksi jirani.

Mipaka

Satelaiti nyingi zilizo karibu na Njia Nyeupe zimepoteza gesi yao, hivyo hazionekani kwa mawimbi hayo. Mawingu ya Magellan bado yana gesi. Vilevile Leo T, iliyogunduliwa mwaka 2007 kwenye umbali wa takriban miakanuru milioni 1.4, ina hidrojeni, lakini umbali wake ulijulikana kupitia nyota zake. Kwa galaksi za jirani, redio huonyesha gesi na kasi, na nyota huthibitisha umbali.