Mapipa Angani, Matope Barabarani
Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru; Desemba Zambia ikakatiwa mafuta. Kanada ikaleta Hercules C-130, ndege za jeshi za kubebea mizigo, zilizosafirisha mapipa kutoka Léopoldville, leo Kinshasa, hadi Lusaka. Mlango wa mkiani hushuka ukawa ngazi ya kupakilia. Injini ni nne, Allison T56, kila moja na rafadha ya mapanga manne.

Safari zilikoma Aprili 1966. Barabara ya kupitia Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ya udongo wakati ule, iliendelea kubeba mzigo, na madereva wake wanastahili heshima ileile ya marubani. Masika ilikuwa tope tupu. Springi zilikatika, matairi yakapasuka. Bomba la mafuta la TAZAMA, Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi 1968.