Chuma Hakina Ulimi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walikuwa wakifikiria duka na madeni, lakini ukitaka kuuona ukweli wa maneno yao, ndugu msomaji, tazama gari moja la Kiingereza lililofikishwa mahakamani London mwaka 1990.

Gari lenyewe ni Bentley Speed Six, maarufu kama Old Number One. Lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 na tena 1930, na mara zote mbili Woolf Barnato alikuwa mmoja wa madereva. Mwaka 1932 likafungwa injini kubwa zaidi, ya lita 8. Mwaka huohuo likaruka ukingo wa uwanja wa Brooklands, dereva Clive Dunfee akafa palepale. Mabaki yakaokotwa, yakaundwa upya, likatoka gari lenye bodi nyingine kabisa.

Mwaka 1990 mwenye gari akapatana na kampuni ya Middlebridge Scimitar: pauni milioni 10. Kisha wanunuzi wakagoma. Hili silo, walisema, tunauziwa jina tu!

Jaji Otton akalichambua kama fundi. Vya mwaka 1929 karibu hakuna kilichobaki. Vya 1930 vilikuwa vichache mno, kama kasha la giaboksi na nguzo ya usukani. Sasa ungetegemea aseme nini? Alisema gari ni lenyewe! Kila kifaa kilibadilishwa kwa wakati wake, historia yake haikukatika hata mara moja, na halikuwapo gari lingine duniani lenye haki ya kudai jina hilo. Wanunuzi wakashindwa kesi.

Basi igeuze hadithi hiyo. Chukua gari la kale lenye kila nati yake ya kiwandani, ila kadi imepotea, kibao cha namba kimeng'olewa na namba ya chesisi imesagwa. Vyuma ni vya kweli, lakini nani atavisemea? Dalali atakwambia, "Mzee, makaratasi tutayatafuta baadaye." Usidanganyike. Kibao kipya kinagongwa kwa dakika chache, na wapo wajanja wanaochukua namba ya gari lililokufa na kuivisha chesisi nyingine. Siku moja yanatokea magari mawili yenye jina moja, na aliyelipa ndiye anayelia.

Halafu kuna la wizi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Uingereza ya 1893, ambayo mfano wake ulirithiwa Kenya na Tanganyika, ilisema kwa kawaida mtu hawezi kuuza haki asiyokuwa nayo. Gari la wizi likipita mikono mitano, mwenyewe akijitokeza, wewe wa tano unaweza kubaki na funguo mkononi. Ndiyo maana mnunuzi makini huanza kwa polisi na ofisi ya usajili, halafu huilinganisha namba ya injini na ya chesisi na vitabu vya kiwanda kama vimesalia, kisha huwatafuta wazee waliowahi kulimiliki au kulitengeneza.

Hapo ndipo sisi tunaoshika kalamu tunapoingia. Old Number One haikuokolewa na chuma chake, maana kilikwisha. Iliokolewa na watu walioandika nani alibadilisha nini, na lini. Mangapi mtaani kwetu yamebadilishwa kila kipande, na hakuna aliyeandika?