Rufiji katika Hadithi za Kusisimua

Mto Rufiji hauingii baharini kwa mlango mmoja. Unapokaribia pwani hujigawa katika mikono mingi, na kila mkono una jina lake na tabia yake: Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingineyo. Kati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko wenye zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko mingine yote ya namna yake katika Tanzania. Maji matamu ya mto na maji ya chumvi ya bahari hukutana humo, yakajaa na kupwa mara mbili kila siku. Wenyeji wa huko wamelima mpunga katika ardhi iliyorutubishwa na mafuriko, wamevua samaki na kamba, na kwa karne nyingi wamekata boriti zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi.

Nchi ya namna hiyo ni hazina kwa mtunzi wa hadithi. Ina maficho, ina njia za kumpoteza mgeni, ina mamba na viboko, tena ina saa ambayo chombo chaweza kupita na saa ambayo hakiwezi. Si ajabu, basi, kwamba hadithi za kusisimua ziliitafuta. La ajabu ni kwamba hadithi zilizovuma mbali juu yake zilitungwa na wageni, na kwamba wenyeji wake hawamo ndani yake ila kwa kupita.

Chanzo cha jambo hili ni merikebu moja. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, chini ya nahodha Max Looff. Vita vilipokaribia iliondoka bandarini, tarehe 31 Julai, na siku chache baadaye ikaiteka meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, katika bahari ya Uarabuni. Tarehe 20 Septemba ilitokea alfajiri mbele ya Unguja ikaipiga na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ili mitambo yake itengenezwe. Baada ya ushindi huo mitambo ya Königsberg nayo iliharibika, na Looff akarudi kujificha Rufiji. Wajerumani walikuwa wamekwisha kupima kina cha mikono ya mto, hali Waingereza hawakudhani kwamba merikebu kubwa yaweza kupenya humo.

Vipande vya boila vilivyohitaji kutengenezwa vilivutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha vikarudishwa. Hapakuwa na reli kati ya Rufiji na mji ule. Kazi ilifanywa kwa mikono, migongo na kamba za Waafrika. Waingereza waliigundua manowari tarehe 30 Oktoba 1914, na mnamo Novemba wakaizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mkono mmoja wa mto ili kuziba njia. Waliita ndege ziiangalie kutoka juu, jambo lililokuwa geni kabisa katika vita vya siku zile. Walimtuma pia mwindaji wa Afrika Kusini, P. J. Pretorius, apenye mikokoni na kupima maji. Mwishowe zililetwa manowari mbili fupi za kina kidogo, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwanza kwa ajili ya mito ya Brazil. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu. La tarehe 11 Julai lilifaulu, na mabaharia wakailipua merikebu yao wenyewe. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu miaka iliyobaki. Mmoja wao umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, na mwingine Pretoria.

Kisa hiki kilikuwa nusu hadithi tangu siku yake ya kwanza. Kilikuwa na adui aliyejificha, mpelelezi aliyejigeuza, saa iliyohesabiwa na mlipuko wa mwisho. Magazeti ya Ulaya yalikifuata kama yafuatavyo hadithi za upelelezi. Wahusika wake wenyewe walikiandika. Maisha ya Pretorius, kwa maneno yake mwenyewe, yalitolewa kitabuni mwaka 1947. Kilichobaki kilikuwa kazi ya watunzi.

Wa kwanza kukumbukwa ni C. S. Forester, Mwingereza, aliyetoa *The African Queen* mwaka 1935. Hadithi yake ni ya mapenzi na ya vita kwa pamoja: mwanamke wa misheni na fundi wa mashua wanateremka mtoni ili kuizamisha manowari ya Kijerumani ziwani. Hapana shaka kwamba tukio la Ziwa Tanganyika ndilo lililomwongoza. Lakini mto aliouchagua aliuita Ulanga. Kwa kweli Ulanga ni tawi la Rufiji na maji yake huishia Bahari ya Hindi. Mtunzi aliuchukua mto, akaugeuza uso, akaupeleka ziwani. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilitolewa mwaka 1951, nayo ilipigwa Kongo na Uganda.

Wa pili ni Wilbur Smith, aliyezaliwa katika nchi iitwayo leo Zambia. Riwaya yake, *Shout at the Devil*, ilitolewa mwaka 1968, na humo Rufiji imetajwa kwa jina lake. Manowari imeitwa Blücher badala ya Königsberg, na haizamishwi na mizinga, bali na bomu lililoingizwa ndani yake kwa hila. Mashujaa wake ni mwindaji haramu wa pembe za ndovu, binti yake, na kijana wa Kiingereza aliyempenda binti huyo. Filamu yake ilitolewa mwaka 1976, na Rufiji yake ilipigwa Afrika Kusini.

Mtu asiwalaumu watunzi hawa kwa kubuni. Kubuni ndiyo kazi yao, na msomaji anayenunua kitabu cha kusisimua hanunui ripoti ya jeshi. Swali lenye haki ni jingine: kitu gani kilipaswa kuondolewa ili hadithi isimame? Jibu limo katika kurasa za mwanzo za kitabu cha Forester. Jeshi la Kijerumani limewachukua watu wote wa kijiji cha misheni, wake kwa waume, na nchi imebaki tupu kwa ajili ya watu wawili na mashua yao. Mtunzi alihitaji upweke, na upweke ule aliupata kwa kuwaondoa wenyeji kwa aya chache. Bila shaka hakukusudia kutoa ushuhuda. Lakini ushuhuda umo. Katika vita vile mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa na pande zote mbili kuwa wapagazi, na makumi ya maelfu hawakurudi kwao. Katika miezi ya mwanzo ya 1917, mvua kubwa ilipoufurisha Rufiji, askari na wapagazi walikwama bondeni kwa njaa na maradhi. Nchi tupu ya hadithi ilikuwa kweli tupu, ila sababu yake haikuwa ya kusisimua.

Bonde hilo hilo lina kaburi linalohusu asili ya hadithi za namna hii. Tarehe 4 Januari 1917 mwindaji Mwingereza, Frederick Selous, aliuawa kwa risasi mahali paitwapo Beho Beho, kaskazini ya Rufiji, na huko akazikwa. Wengi humtaja kuwa mmoja wa watu walioigwa na H. Rider Haggard alipomwumba Allan Quatermain, shujaa wa riwaya ya mwaka 1885. Miaka kumi na miwili baada ya kifo cha Selous, mwaka 1929, riwaya hiyo ilitafsiriwa na Frederick Johnson kwa jina la *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. Ikasomwa shuleni kote Afrika ya Mashariki, pamoja na *Kisiwa chenye Hazina*. Hivyo kijana wa pwani alifundishwa utamu wa hadithi ya safari na hatari kwa lugha yake mwenyewe, lakini macho yaliyotazama nchi yake yalikuwa ya mgeni mwenye bunduki.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya Waswahili kuushika utamu huo na kuutawala. Shaaban Robert aliijenga nchi yake ya *Kusadikika*, iliyotolewa mwaka 1951, angani, mahali pasipofikiwa na ramani. Na ikiwa hadithi za kubuni za sayansi zitatafutiwa babu katika Kiswahili, jina lake halitakosa kutajwa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la kuandika hadithi la miaka ya 1957 na 1958, na *Mzimu wa Watu wa Kale* ikatolewa mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi wake, hutegemea akili na kiko kuliko bastola. Faraji Katalambulla alifuata na *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974, mpelelezi anayepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Ben Mtobwa naye alimleta Joram Kiango. Vitabu hivi vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakachakaa, na watu wengi ambao hawakuwa na mwalimu wa fasihi walijifunza kupenda kusoma kwa ajili yao.

Hata hivyo njia ya hadithi hizi ilielekea mjini. Simu, hoteli, motokaa na uwanja wa ndege ndizo zana zao. Sababu zake si ngumu kuonekana. Wachapaji walikuwa mjini, wauzaji walikuwa mjini, na msomaji mwenye shilingi ya kununua kitabu alikuwa aghalabu mjini au njiani kwenda huko. Delta, kwa upande wake, ilikuwa mbali kuliko umbali wake halisi. Mpaka mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa, msafiri wa kusini alivuka Rufiji kwa pantoni, na masika yalipokuja barabara kutoka Kibiti hadi Lindi ilikuwa ikikatika.

Mtunzi mmoja wa Kiswahili aliligeukia bonde hili, wala hakufanya hivyo kwa hadithi ya kusisimua. Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya *Kinjeketile* mwaka 1969, mwaka mmoja tu baada ya riwaya ya Smith. Kinjikitile Ngwale wa historia alikaa Ngarambe, akawapa watu maji na tumaini la umoja, akanyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi wa Agosti 1905. Kisa chake kina mto, pepo, siri na kifo. Vyote ambavyo mtunzi wa kusisimua angevitamani. Hussein alivitumia kuuliza jinsi neno linavyoweza kumshinda mtu aliyelisema. Yeye pia alibuni, na alisema wazi kwamba shujaa wake si yule wa historia. Lakini katika ubunifu wake wenyeji ndio wanaobishana, wanaoshuku, wanaoamua na wanaokosea.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Mtu anayekosea katika hadithi ni mtu kamili. Mtu anayebeba mizigo tu ni sehemu ya mandhari. Na hasara ya kuwa mandhari haiishii vitabuni. Mwaka ule ule wa 1968, riwaya ya Smith ilipokuwa ikisambaa duniani, mafuriko makubwa yalilikumba bonde la Rufiji. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuwahamisha watu kutoka mashamba ya bondeni hadi vijiji vya ujamaa nchi ya juu. Wakulima waliojua kusoma mafuriko kama wengine wasomavyo kitabu walitengwa na udongo waliouelewa. Kisa hicho kina hatari, mapenzi na uamuzi usiorudishika. Wakati huo huo, katika miaka ya 1960, mabaki ya Königsberg yalikuwa yakivunjwavunjwa kuwa chuma chakavu, na yaliyobaki yakamezwa na tope. Lakini duniani merikebu hiyo ilizidi kujulikana, na wakulima hawakujulikana.

Jina la Kibiti lilipata mkosi wa namna hiyo hiyo. Wilaya hiyo ilipokuwa ingali changa, imetoka kutengwa na Rufiji, ilijulikana nchini kote katika miaka ya 2016 na 2017 kwa mauaji ya viongozi wa vijiji na polisi. Wanunuzi wa magazeti walizisoma habari hizo kwa pumzi iliyoshikwa. Waliokaa huko walizipitia kwa kufunga milango kabla ya magharibi. Hofu ya kitabuni humpendeza mtu kwa sababu aweza kukifunika kitabu.

Leo kisa kikubwa cha Rufiji kinaelekea wakati ujao. Bwawa la Julius Nyerere, lililokusudiwa kutoa megawati 2,115 za umeme, lilianza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Aprili ya mwaka huo mafuriko yaliharibu makazi na mashamba katika Rufiji na Kibiti. Delta iliumbwa na udongo ulioletwa na mto; ukuta unaozuia maji huzuia udongo pia, na bahari haingoji ruhusa ya mtu kupanda. Mikoko, mpunga, kamba na vijiji vitakuwaje baada ya miaka hamsini? Hilo ni swali la wanasayansi, na ni swali la hadithi za kubuni za sayansi vilevile, kwa kuwa hadithi hizo huchukua jambo linalowezekana na kulifuata hadi mwisho wake.

Kiswahili hakina upungufu wa watunzi wa kuifanya kazi hiyo, wala wa wasomaji wa kuipokea. Mpelelezi aweza kufika Salale kwa mtumbwi, na wapendanao waweza kungojana mpaka maji yajae. Hata manowari yaweza kusimuliwa upya, safari hii kuanzia kwa watu walioivuta boila yake kwa kamba kupitia porini, wasijue kama watalipwa, wasijue vita vile ni vya nani. Majina yao hayamo katika vitabu vya wageni. Mtunzi atakayewapa majina atakuwa amebuni, na kubuni huko kutakuwa karibu na kweli kuliko ukimya uliopo.