Nyuklia ya Uyombo, dhahabu ya Kakamega: nani aliulizwa?

Leo naweka kando habari za programu nizungumzie umeme, maana bila umeme programu zetu zote ni bure. Hapa Kakamega ukitaja mtambo wa nyuklia, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: kwani wanataka kujenga kwetu? Jibu ni hapana. Mpango ulikuwa Uyombo, kaunti ya Kilifi, na mwaka 2025 macho yakahamia kwa jirani zetu wa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Lakini hofu iliyo nyuma ya swali hilo ina historia hapa hapa kwetu, tena ya miaka zaidi ya tisini. Nitafika huko.

Tuanze mwanzo. Serikali ya Kenya iliunda kamati ya mradi wa umeme wa nyuklia mwaka 2010. Mwaka 2012 kamati ikawa bodi, na Sheria ya Nishati ya 2019 ikaigeuza kuwa shirika tunalolijua kwa kifupi kama NuPEA. Mpango uliotangazwa mwaka 2023 ulikuwa mtambo wa megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na umeme utoke mwaka 2034. Gharama iliyotajwa ni kama shilingi bilioni 500. Kilifi na Kwale ndizo zilizokuwa kwenye orodha, na Uyombo ikawa chaguo la mbele.

Kwa nini pwani? Hapa kuna somo dogo la ufundi. Kinu cha nyuklia hakitoi umeme moja kwa moja. Kinatoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha turbini, na turbini inazungusha jenereta. Kati ya joto lote linalozalishwa, karibu theluthi moja tu ndiyo inayogeuka umeme. Kwa hiyo mtambo wa megawati 1,000 una joto la karibu megawati 2,000 ambalo lazima liende mahali fulani. Njia rahisi ni kuvuta maji mengi ya bahari au ziwa, kuyapitisha kwenye mabomba ya kupoza, na kuyarudisha yakiwa na joto zaidi. Ndiyo maana mitambo hii hupenda kukaa kando ya maji, na ndiyo maana Kakamega na mito yetu ya Isiukhu na Yala hatumo kwenye orodha.

Sasa tazama maji yenyewe ya Uyombo. Ni kijiji cha wavuvi katika wadi ya Matsangoni, jirani na hori ya Mida yenye mikoko ambamo samaki wengi huzaliana. Karibu hapo ipo hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa tangu 1968, ambako kasa hutaga mayai. Nyuma yake upo msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Mhandisi akitazama ramani anaona maji ya kupozea. Mvuvi anaona chakula cha jioni na karo ya shule. Wote wawili wanasema kweli. Shida ni kwamba mmoja wao ndiye aliyekuwa ameshika ramani.

Wakazi hawakunyamaza. Mwaka 2023 ombi rasmi lilipelekwa Bungeni kwa msaada wa shirika la kutetea mazingira la CJGEA, linaloongozwa na Phyllis Omido. Mwaka 2024 wakaingia barabarani. Mwezi Mei mwaka huo polisi na waandamanaji walikabiliana Uyombo, na watu wakaumia. Fulana na mabango yalibeba maneno mawili tu: "Sitaki nuclear". Malalamiko yao yalikuwa ya kawaida kabisa: ardhi (wengi pwani hawana hati miliki ingawa babu zao wamezikwa hapo), uvuvi, utalii, taka za mionzi, na kwamba habari iliwafikia wakati uamuzi ulishafanywa.

Nimesikia watu wa mjini, tena wasomi wenzangu wa kompyuta, wakisema hao wanapinga kwa sababu hawaelewi sayansi. Mimi sikubaliani nao. Omido alijulikana kwa kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilitia risasi katika miili ya watoto na watu wazima wa mtaa mzima. Kiwanda kile nacho kilisemekana ni maendeleo na ajira. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na kesi iliendelea kwa rufaa hadi Mahakama ya Juu mwezi Desemba 2024. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu wa pwani walikuwa wameona mifano, na mfano mmoja haukuwa mbali nao.

Sasa turudi Kakamega, kama nilivyoahidi. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kulinda ardhi za Waafrika. Iliahidi kwamba maeneo yaliyotengwa yatakuwa yao milele. Kipande kikihitajika kwa jambo la umma, baraza la wenyeji litashauriwa kwanza na ardhi nyingine ya thamani sawa itatolewa. Mwaka uliofuata, 1931, dhahabu ikaonekana Kakamega. Wazungu wakamiminika na mahema yao, wengine wakulima waliofilisika kwa mdororo wa uchumi wa dunia.

Ile "milele" ilidumu miaka miwili. Mwezi Desemba 1932 sheria ilirekebishwa ili ardhi yenye madini iweze kuchukuliwa bila kutoa ardhi nyingine na bila kungoja ushauri wa baraza. Fidia ikawa fedha. Na hayo yalifanyika wakati tume ya kuchunguza masuala ya ardhi ya Kenya ilikuwa imeteuliwa mwaka huo huo na haijamaliza kazi! Shemasi mkuu Walter Owen, mmisionari wa Kavirondo, alipiga kelele, na mwanzoni mwa 1933 mjadala ulifika hadi Bunge la Uingereza. Sheria haikurudishwa. Lakini wenyeji walijifunza, na katika miaka hiyo ya 1930 kikazaliwa chama cha North Kavirondo Central Association, ambacho ardhi ilikuwa ajenda yake kubwa.

Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa 1952. Kampuni iliondoka, jina likabaki kwa mtaa, na hadi leo watu bado wanachimba kwa mikono na kuosha dhahabu kwa zebaki. Na historia haijalala. Mwishoni mwa 2025, huko Isulu na Bushiangala katika Ikolomani, mpango mpya wa mgodi mkubwa uliwakuta wakazi wakiuliza maswali yale yale ya 1932: tutahamia wapi, na nani alituuliza? Vikao vya kukusanya maoni viligeuka fujo, na watu walipoteza maisha. Mtu wa Kakamega akisoma habari za Uyombo hahitaji kujua fizikia ili aelewe kinachosemwa.

Duniani nako kuna mafunzo. Austria ilijenga mtambo wa Zwentendorf ukakamilika kabisa, kisha ndipo wananchi wakaulizwa. Kura ya maoni ya Novemba 1978 ilisema hapana kwa asilimia 50.47. Mtambo haukuwashwa hata siku moja. Kule Wyhl, Ujerumani, wakulima wa zabibu walikalia kiwanja mwaka 1975 na mtambo haukujengwa. Misri ni tofauti kidogo. Wakazi wa El Dabaa walivamia eneo la mradi Januari 2012 wakidai ardhi yao. Mwaka 2013, baada ya mazungumzo na ahadi za fidia, walilirudisha, na ujenzi ulianza Julai 2022. Kwa hiyo si kweli kwamba wananchi wakisikilizwa mradi lazima ufe.

Nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa nyuklia. Kinu hakitoi moshi, kinafanya kazi usiku na mchana, na Koeberg ya Afrika Kusini imekuwa ikitoa umeme tangu miaka ya 1980. Lakini yapo maswali ya kiufundi ambayo mwananchi ana haki ya kuyauliza. Wahandisi wa umeme wana kanuni ya kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya gridi nzima, maana ukizimika ghafla utaiangusha gridi pamoja nao. Mwaka 2025 matumizi ya juu kabisa ya umeme Kenya yalipita megawati 2,300. Piga hesabu mwenyewe. Aidha umeme wetu mwingi tayari ni safi, ukitoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Huenda majibu yapo, kama vile vinu vidogo au kuunganisha gridi na majirani. Basi yatolewe hadharani kabla ya kiwanja kuchaguliwa.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili. Kosa la kutomuuliza mtumiaji ukiligundua mapema unafuta mstari mmoja kwenye karatasi. Ukiligundua baada ya mfumo kuanza kazi unabomoa nyumba. Na hapa nyumba ni nyumba kweli.

Mwaka 2025 mpango ulielekezwa Siaya, na maeneo kama Lwanda Kotieno yakatajwa. Viongozi wa huko, akiwemo marehemu Raila Odinga, waliuunga mkono. Lakini kiongozi kukubali si sawa na kijiji kuulizwa. Ziwa ni la maji baridi, linanywewa na kuvuliwa na nchi tatu. Katiba ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10, haki ya kupata habari katika cha 35, na mazingira safi katika cha 42. Mwaka 1932 watu wa Kakamega hawakuwa na katiba ya namna hiyo. Watu wa Siaya wanayo.

Wewe uliye Bondo au Rarieda, je, umeulizwa? Na kama umeulizwa, uliulizwa kabla au baada? Niandikie.