Matembezi ya Kihistoria na Kumbukumbu za Jamii Ndogo: Urithi wa Wayahudi Jijini Nairobi na Funzo Lake kwa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala hii inajadili matembezi ya kihistoria ya mjini kama njia ya kuhifadhi kumbukumbu za jamii ndogo. Mfano mkuu ni urithi wa Wayahudi jijini Nairobi, ambako maeneo matatu yaliyo karibu yanabeba historia ya kupata hifadhi na historia ya kubaguliwa kwa wakati mmoja. Hoja ya makala ni kwamba kituo cha matembezi kinaposimulia kumbukumbu ya jamii moja tu, kinapotosha historia ya jamii hiyo yenyewe. Hoja hiyo inatumiwa kupima namna Shinyanga, Mwadui na Geita zinavyoweza kuandaliwa kwa matembezi ya aina hiyo, katika mazingira ambayo eneo la kihistoria mara nyingi limechimbwa au limezungushiwa uzio.

1.0 Utangulizi

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, mazungumzo kuhusu urithi wa kihistoria huelekezwa zaidi kwenye utamaduni wa Wasukuma, ambao umepata makumbusho yake huko Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza. Historia ya migodi nayo husimuliwa kwa tani, karati na majina ya makampuni. Baina ya masimulizi hayo mawili kuna pengo: watu waliokuja kutoka mbali, wakaishi kwa kipindi na kuondoka, pamoja na wenyeji waliofanya kazi chini yao, hawana mahali wanapotajwa pamoja.

Ili kulijadili pengo hilo, makala hii inatumia mfano ulio nje ya Tanzania. Wayahudi wa Nairobi walikuwa jamii ndogo sana, lakini majengo yanayohusiana nao yamesimama mpaka leo na kumbukumbu zake zimeandikwa kwa kiasi cha kutosha. Kwa hiyo Nairobi inatupa nafasi ya kuona kwa uwazi tatizo ambalo Shinyanga italikabili siku itakapoamua kuwatembeza wageni na wanafunzi katika historia yake. Tatizo lenyewe ni hili: mwongozaji anaposimama mbele ya jengo, aseme kumbukumbu ya nani?

2.0 Matembezi kama Njia ya Kusimulia Historia

Matembezi ya urithi wa Kiyahudi yamezoeleka zaidi katika miji ya Ulaya. Katika mtaa wa Kazimierz mjini Kraków, Poland, wageni hupitishwa kwenye masinagogi na makaburi ya jamii ambayo kabla ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa takriban robo ya wakazi wa mji huo. Wengi wa watu hao waliuawa na Wanazi, na majengo yakabaki bila wenyewe. Matembezi ya namna hiyo hufanya kazi ya msiba: yanataja waliokosekana mahali walipokuwa wakiishi. Hata hivyo, yana hatari yake. Pale ambapo hakuna mwanajamii wa kumsahihisha mwongozaji, historia inaweza kugeuka kuwa mapambo ya biashara.

Afrika Mashariki ina mfano wa upande wa pili. Karibu na mji wa Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, jamii iliyotokana na uamuzi wa Semei Kakungulu wa kufuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Jamii hiyo ilipigwa marufuku kuabudu wakati wa utawala wa Idi Amin, lakini haikutoweka. Mgeni anayefika katika kilima cha Nabugoye husimuliwa historia na wenye historia.

Nairobi iko katikati ya mifano hii miwili. Jamii ipo, lakini ni ndogo, na sehemu kubwa ya watu walioijenga walihama au walifariki. Zaidi ya hayo, walikuwa na nafasi isiyo ya kawaida: waliokimbia chuki Ulaya walihesabiwa kuwa Wazungu katika koloni lililowabagua Waafrika na Waasia. Nafasi hiyo ndiyo inayoufanya mfano wao uwe mgumu, na kwa sababu hiyo hiyo uwe na faida kwa mtafiti.

3.0 Vituo Vitatu vya Nairobi

3.1 Sinagogi

Kituo cha kwanza ni sinagogi lililoko kwenye makutano ya University Way na Uhuru Highway. Jumuiya ya ibada ya Wayahudi wa Nairobi ilianzishwa mwaka 1904, miaka mitano tu baada ya reli kuufikisha mji huo kwenye ramani. Sinagogi la kwanza lilijengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na jengo la sasa ni la katikati ya miaka ya 1950.

Mwaka 1904 haueleweki bila kutaja tukio la mwaka uliotangulia. Aprili 1903 Wayahudi walishambuliwa na kuuawa mjini Kishinev, katika Dola ya Urusi. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza, kupitia kwa Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni, ilimpa Theodor Herzl pendekezo la kuwapatia Wayahudi ardhi Afrika Mashariki. Pendekezo hilo hujulikana kama Mpango wa Uganda, ingawa eneo lililolengwa, uwanda wa juu wa Uasin Gishu, liko katika Kenya ya leo. Mkutano wa Sita wa Wazayuni uliofanyika Basel Agosti 1903 uliamua kwa kura 295 dhidi ya 178 kupeleka tume ya uchunguzi. Mkutano wa Saba, mwaka 1905, uliukataa mpango huo. Walowezi wa Kizungu waliokuwapo tayari, wakiongozwa na Lord Delamere, waliupinga kwa nguvu.

Kwa kawaida mjadala huu husimuliwa kana kwamba ulihusu pande mbili tu, yaani Wazayuni waliogawanyika na walowezi waliokasirika. Wenyeji wa uwanda huo hawakuulizwa na upande wowote. Mwongozaji anayesimama mbele ya sinagogi ana wajibu wa kueleza hofu ya kweli iliyowafanya watu watafute makazi mapya, na pia kueleza kwamba makazi hayo yalijadiliwa juu ya ardhi ya watu wengine.

3.2 Hoteli ya Norfolk

Kutoka kwenye sinagogi hadi Hoteli ya Norfolk ni umbali usiofika kilomita moja. Hoteli hiyo ilifunguliwa Desemba 1904. Mwaka 1927 ilinunuliwa na Abraham Block, Myahudi mwenye asili ya Lithuania aliyefika Kenya mwaka 1903 akitokea Afrika Kusini na kuanza maisha kwa shughuli ndogondogo. Kwa matembezi ya kawaida ya urithi wa Kiyahudi, habari ingeishia hapo: mhamiaji maskini akawa mwenye hoteli.

Lakini barabara inayopita mbele ya hoteli inaitwa Harry Thuku. Tarehe 16 Machi 1922 umati wa Waafrika ulikusanyika katika eneo hilo kudai Harry Thuku aachiwe kutoka mikononi mwa polisi. Thuku alikuwa amepinga kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Polisi walifyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao wakafyatua. Takwimu rasmi ilitaja vifo 21. Simulizi nyingine zinataja zaidi. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewachochea wanaume waliokuwa wakisitasita.

Miaka kumi na saba baadaye mahali hapo palipata maana nyingine. Vita vilipoanza Septemba 1939, Wajerumani wote walioishi Kenya walihesabiwa kuwa raia wa nchi adui, wakiwamo Wayahudi waliokuwa wamemkimbia Hitler. Riwaya ya Stefanie Zweig, iliyojengwa juu ya maisha ya familia yake iliyohamia Kenya mwaka 1938, inaonyesha wanaume wakipelekwa kizuizini na wanawake pamoja na watoto wakiwekwa Norfolk. Hoteli ya Myahudi ikawa mahali pa kuwazuilia wakimbizi wa Kiyahudi. Kisha, usiku wa tarehe 31 Desemba 1980, bomu lililipuka hapo na kuua watu wapatao 20. Shambulio hilo lilihusishwa na kisasi dhidi ya msaada ambao Kenya iliipa Israeli katika uvamizi wa Entebbe wa Julai 1976.

Baraza moja, basi, ina risasi za walowezi, wakimbizi waliozuiliwa na wahanga wa bomu. Mtu hawezi kuchagua kumbukumbu moja kati ya hizo na kudai kuwa ameieleza Norfolk. Ni kweli kwamba Block hakuwa mmiliki mwaka 1922, na ni haki kusema hivyo. Lakini hoteli aliyoinunua ilikuwa imekwisha kubeba damu hiyo, na utaratibu wa kibaguzi uliomwezesha Mzungu kununua na kustawi ndio ule ule alioupinga Thuku.

3.3 City Hall

Kituo cha tatu ni City Hall, makao ya serikali ya jiji. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1957 meya wa Nairobi alikuwa Israel Somen, Myahudi. Kwa jamii iliyofukuzwa au kuuawa katika miji mingi ya Ulaya miaka kumi tu iliyotangulia, cheo hicho kilikuwa ushahidi wa kukubalika.

Hata hivyo, jiji hilo lilikuwa katika Hali ya Hatari. Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliendesha Operesheni Anvil: mitaa ilizingirwa, watu wakachujwa, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kwenye kambi za kizuizini au kurudishwa kwa nguvu katika maeneo yao. Hiyo ndiyo miaka ambayo jengo jipya la sinagogi lilikuwa likisimama. Mambo haya mawili hayasababishani, wala makala hii haidai hivyo. Inachodai ni kwamba yalitokea katika jiji moja na kwa wakati mmoja, na kwamba matembezi yanayotaja moja na kuficha jingine yanamnyima msikilizaji uwezo wa kuelewa kilichofanya usalama wa watu wachache uwe wa mashaka.

4.0 Funzo kwa Shinyanga na Geita

Funzo la kwanza linahusu tahadhari. Mgodi wa almasi wa Mwadui ulianzishwa na John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, baada ya ugunduzi wa mwaka 1940. Baada ya kifo chake mwaka 1958, umiliki uligawanywa baina ya De Beers na serikali. De Beers ilikuwa chini ya familia ya Oppenheimer, ambayo kampuni yake ya Anglo American, iliyoanzishwa mwaka 1917, ndiyo chimbuko la AngloGold. Baada ya muungano wa mwaka 2004, AngloGold Ashanti ikawa mwenye mgodi mkubwa wa Geita. Ernest Oppenheimer alizaliwa Ujerumani katika familia ya Kiyahudi, lakini yeye na mwanawe Harry waliingia Kanisa la Anglikana.

Mwandaaji wa matembezi anaweza kushawishika kuiita habari hii “urithi wa Wayahudi” wa Kanda ya Ziwa. Hilo lingekuwa kosa la kihistoria na kimaadili. Urithi wa jamii ni ibada, makaburi, nyumba, kumbukumbu za kufika na kuondoka. Hisa za kampuni hazina dini, na kuueleza mtaji wa migodi kwa asili ya familia moja ni kurudia ubaguzi ule ule uliowatoa watu Kishinev na Ujerumani. Mgodi uelezwe kwa sera za kikoloni, bei ya almasi, sheria za ardhi na nguvukazi.

Funzo la pili linahusu mahali penyewe. Norfolk bado imesimama. Mtu anaweza kuigusa. Mwadui na Geita ni tofauti. Almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui Oktoba 1947, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake, ilitoka mahali ambapo leo ni shimo. Geita, ambako dhahabu ilijulikana tangu enzi za Wajerumani na mgodi wa zamani ukafungwa mwaka 1966, uchimbaji ulioanza tena mwaka 2000 umebadilisha sura ya vilima vyenyewe. Uchimbaji hula ushahidi wake, na kinachobaki kimo ndani ya uzio.

Kwa hiyo njia ya matembezi haina budi kupita nje ya uzio, mahali ambapo watu waliishi na kupitana. Kwa Shinyanga, vituo vipo. Shinyanga ya Zamani ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton, uliobadilisha matumizi ya ardhi na misitu ya Wasukuma. Kituo cha reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, kiliuvuta mji na biashara ya pamba kuelekea kwenye njia ya treni. Maduka ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi yanaonyesha jamii ndogo nyingine, ambayo nayo ilipata nafasi na kisha kuipoteza kwa sehemu kubwa. Upande wa Mwadui, bwawa la mabaki ya uchenjuaji lililopasuka Novemba 2022 na kufunika mashamba na makazi ni kituo cha historia ya sasa, na wenye kumbukumbu yake wangali hai.

Funzo la tatu linahusu msemaji. Mfano wa Mbale unaonyesha faida ya simulizi kubaki mikononi mwa wahusika. Wachimbaji wadogo wa Geita, wastaafu wa Mwadui na familia za wenye maduka ndio wanaopaswa kushirikishwa katika kuchagua vituo, kabla kizazi cha waliofanya kazi katika miaka ya 1950 na 1960 hakijaisha.

5.0 Hitimisho

Vituo vitatu vya Nairobi vimeonyesha kwamba kumbukumbu ya jamii ndogo hueleweka vizuri zaidi inapowekwa kando ya kumbukumbu za majirani zake. Mkimbizi wa Kiyahudi aliyezuiliwa Norfolk hapungukiwi na heshima kwa sababu Muthoni Nyanjiru ametajwa katika kituo hicho hicho. Kutajwa kwao pamoja kunaonyesha dola ileile ikiwapanga watu kwa daraja na kuwabadilishia daraja ilipotaka. Shinyanga na Geita zinaweza kufuata utaratibu huo kwa gharama ndogo, kwa kuanza na orodha ya vituo vilivyo nje ya uzio na, kwa kila kituo, simulizi zisizopungua mbili kutoka kwa watu wa pande tofauti. Kazi hiyo ni ya haraka zaidi hapa kuliko Nairobi, kwa kuwa hapa mahali penyewe panaendelea kuchimbwa.