Kanisa Hujengwa pia kwa Ajili ya Masikio

Mtu akiingia kanisani amefumba macho, hatua zake chache tu zaweza kumjulisha kama yumo katika kikanisa kidogo cha kigango au katika kanisa kuu lenye dari ya juu. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban meta 340 kwa sekunde. Sehemu yake humfikia msikilizaji moja kwa moja. Sehemu nyingine hugonga kuta, sakafu na dari, kisha humrudia ikiwa imechelewa kidogo. Kwa kuchelewa huko akili hukadiria umbali wa kuta na ukubwa wa mahali.

Sauti inayorudi mapema, ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde hivi, huungana na ile ya kwanza na kuitia nguvu. Inayochelewa zaidi hugeuka kuwa mwangwi, au mvumo unaofunika silabi zinazofuata. Jengo la Hagia Sophia, lililotabarukiwa kuwa kanisa huko Konstantinopoli mwaka 537, ni mfano mashuhuri. Chini ya kuba lake kubwa na kati ya kuta zake za marumaru, sauti imepimwa ikivuma kwa zaidi ya sekunde kumi. Wimbo wa polepole wa sauti moja hupendeza mno mahali kama hapo, nao mwimbaji huhisi kana kwamba jengo lenyewe linasali pamoja naye. Lakini masomo yakisomwa humo kwa haraka, maneno hupandana na kupotea.

Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliombwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo wanafunzi hawakuwaelewa wahadhiri wao. Usiku, palipokuwa kimya, alipiga filimbi ya kinanda na kupima muda ambao sauti ilichukua kutoweka, huku akiongeza mito ya viti iliyoletwa kutoka ukumbi mwingine. Aligundua kwamba mvumo hurefuka kadiri jengo linavyokuwa kubwa, na hupungua kadiri vitu vinavyonyonya sauti vinavyoongezeka. Miongoni mwa vitu hivyo ni miili na mavazi ya watu. Ndiyo sababu kanisa tupu huvuma kuliko kanisa lililojaa, na majaribio ya vyombo siku ya Jumamosi huweza kutudanganya kuhusu Jumapili.

Jambo hili linagusa imani yenyewe. Mtume Paulo, katika sura ya kumi ya Waraka kwa Warumi, anafundisha kwamba imani huzaliwa katika kusikia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia ya mwaka 1963, unakiri kwamba Kristo mwenyewe husema Maandiko Matakatifu yasomwapo katika Kanisa. Nayo Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma yanaagiza kwamba mimbari iwekwe mahali ambapo msomaji ataonekana na kusikika vema, na kwamba waamini waweze kusikia bila shida. Basi bibi mzee wa benchi la mwisho anayeona midomo ikitikisika bila kupata neno amenyimwa sehemu ya karamu aliyoalikwa.

Makanisa yetu mengi yana kuta za saruji, sakafu ya vigae na paa la bati lisilo na dari. Vyote hivyo ni vigumu na hurudisha sauti. Kosa la kawaida ni kuongeza sauti ya spika, kumbe mvumo nao huongezeka kwa kiasi kile kile. Afadhali spika kadhaa ndogo, zilizo karibu na waamini na kuelekezwa kwenye mabenchi, kuliko moja kubwa inayopiga ukuta wa nyuma. Mapazia mazito ukutani na dari inayonyonya sauti husaidia. Dari hupunguza pia kishindo cha mvua. Msomaji naye ajizoeze kusoma taratibu na kutua penye nukta, ili neno moja litulie kabla ya jingine kuanza.

Hata hivyo, tusiuondoe mvumo wote. Katika jengo lisilorudisha sauti kabisa, kila mwamini hujisikia akiimba peke yake, na wengi hunyamaza. Mvumo wa kiasi huzikusanya sauti nyingi kuwa sauti moja ya taifa la Mungu.

Kabla ya kamati ya ujenzi kufuta dari katika makadirio ili kupunguza gharama, mjumbe mmoja aketi benchi la mwisho Jumapili, bila kitabu, asikilize Somo la Kwanza. Akishindwa kulisimulia baada ya Misa kwa kuwa hakulisikia, kanisa hilo halijamalizika kujengwa.