Norovirusi kwa watoto wachanga: kwa nini mtoto aliyepona huugua tena

HAI CINEMA, JUBA – Mtoto wa miezi tisa anaanza kutapika usiku. Kufikia asubuhi anaharisha majimaji, na kesho yake dada yake naye anashika tumbo. Siku ya tatu wote wawili wanacheza uani kama kwamba hakuna kilichotokea. Wiki chache baadaye mambo yanaanza upya, na mama anauliza: si aliugua juzi tu, mbona tena?

Vijidudu vinavyomharisha mtoto ni vingi, lakini kutapika kwa ghafla, kuharisha kusiko na damu na kupona ndani ya siku moja hadi tatu ni tabia ya norovirusi. Kliniki nyingi hazina kipimo chake, kwa hiyo mzazi huambiwa tu kwamba ni ugonjwa wa tumbo na kurudi nyumbani na pakiti za ORS. Matibabu hayo ni sahihi. Kinachokosekana ni maelezo.

Jina la kirusi hiki limetokana na mji wa Norwalk, jimbo la Ohio nchini Marekani, ambako wanafunzi na walimu wa shule moja waliugua kwa pamoja mwaka 1968. Mwaka 1972 Albert Kapikian na wenzake walikiona kwa hadubini ya elektroni. Kwa muda mrefu watu walikihusisha na wazee na wasafiri wa melini. Leo tunajua kwamba watoto wadogo ndio wanaokipata zaidi. Utafiti wa MAL-ED ulifuatilia watoto tangu kuzaliwa katika nchi nane, Tanzania ikiwa na kituo cha Haydom mkoani Manyara. Ulikuta kwamba karibu watoto 9 kati ya 10 walikuwa wameambukizwa angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka miwili. Wengi waliambukizwa zaidi ya mara moja.

Jamaa wengi, nguo tofauti

Norovirusi si kirusi kimoja. Ni ukoo wenye makundi na matawi mengi, na wanasayansi huyaita kwa herufi na namba. Kundi la GII ndilo linalowaugua watoto wengi zaidi, na ndani yake tawi la GII.4 lilitawala dunia kwa miaka mingi kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Mtoto aliyepona tawi moja hupata kinga dhidi ya tawi hilo, tena kinga isiyodumu sana. Tawi jingine likija, mwili wake hukutana na mgeni.

Kuna jambo la pili. Kila kirusi kinapojinakili ndani ya utumbo hufanya makosa madogo, na baadhi ya makosa hayo hubadili ganda lake la nje, yaani sehemu ile ambayo kinga ya mwili huitambua. Wakati mwingine matawi mawili yanayokutana ndani ya mtu mmoja hubadilishana vipande. Ndiyo maana GII.4 ilitoa sura mpya kila baada ya miaka michache: 2002, 2004, 2006, 2009, kisha ile iliyopewa jina la Sydney mwaka 2012.

Afrika Mashariki imo katika hadithi hii kuliko watu wanavyodhani. Majira ya baridi ya 2014 na 2015, China na Japani zilishtushwa na tawi la GII.17 lililoenea kwa kasi. Kumbe watafiti waliopima maji ya mito nchini Kenya mwaka 2012 na 2013 walikuwa tayari wamelikuta GII.17 likiongoza. Haina maana kwamba lilitoka Kenya kwenda Asia. Ina maana kwamba mto unaopokea maji ya vyoo huonyesha kinachozunguka matumboni mwa watu, hata pale ambapo hospitali haijapima mgonjwa hata mmoja.

Mabadiliko haya yanawasumbua pia watengeneza chanjo. Julai 2024 kampuni ya HilleVax ilitangaza kwamba chanjo yake ya watoto wachanga haikufikia lengo katika majaribio. Kwa sasa hakuna chanjo ya norovirusi inayotolewa popote.

Wazazi waliorejea kutoka Kakuma au Adjumani huonyesha kadi ya kliniki na kusema mtoto alishachanjwa. Wanasema kweli, ila chanjo ile ni ya virusi vya rota, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2014 na Uganda mwaka 2018. Rota ni ugonjwa mwingine, na ni mkali zaidi. Chanjo hiyo isiachwe kwa sababu mtoto bado anaharisha.

Uani

Hapa ndipo penye kazi. Chembe chache sana za norovirusi, pengine zisizofika 20, zinaweza kumwambukiza mtu, wakati kinyesi cha mgonjwa kina mabilioni. Matapishi nayo hurusha matone hewani na kutua kwenye mkeka, beseni na vyombo.

Katika nyua nyingi za Juba familia kadhaa hutumia choo kimoja, na maji huletwa na malori yanayojaza Mto Nile kisha kumiminwa kwenye mapipa. Pipa likichotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mkono uliotoka kubadili nepi, ua mzima umekunywa. Afadhali ndoo yenye bomba, au chombo chenye mdomo mwembamba cha kumiminia. Maji ya mtoto yachemshwe mpaka yatokote sawasawa.

Kuna imani iliyoenea kwamba kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina madhara. Si kweli, na pengine hiyo ndiyo imani inayowagharimu watoto wengi zaidi kuliko uchafu wa choo chenyewe. Kinyesi hicho kitupwe chooni, si nyuma ya nyumba wala kwenye mfereji. Na kisichukuliwe kuwa salama siku kuharisha kunapokoma: mtoto aliyepona huendelea kutoa virusi kwa wiki mbili au zaidi. Dada yake anaweza kuambukizwa katika siku hizo, wakati kila mtu ameshasahau.

Dawa ya mikono yenye spiriti haifanyi kazi vizuri dhidi ya norovirusi. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo yanayoiondoa. Palipotapikiwa, futa kwanza, kisha pitisha klorini: ikiwa chupa imeandikwa 3.5%, kikombe kimoja kwa vikombe 16 vya maji, uache dakika kumi kabla ya kufuta. Usichanganye na dawa nyingine ya usafi, na mtoto asiachwe karibu.

Mtoto akiugua

Kinachoua ni kukaukiwa maji. Endelea kunyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, kwa kikombe na kijiko badala ya chupa ya chuchu. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha anza tena kijiko kimoja kimoja. Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa mkubwa zaidi ya hapo.

Metronidazoli, ile ambayo wengi huinunua dukani kama Flagyl, haiui virusi. Dawa za kufunga tumbo zisitolewe kwa mtoto kabisa.

Mpeleke kituo cha afya mara moja, au Hospitali ya Watoto ya Al Sabah, ikiwa macho au utosi umebonyea, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita, analegea, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, au kuna damu kwenye choo. Damu si dalili ya norovirusi. Na tangu Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa kipindupindu tarehe 28 Oktoba 2024, kuharisha kwingi kunakofanana na maji ya mchele kusisubiriwe hadi asubuhi, hata kama wiki iliyopita ua mzima uliugua na kupona wenyewe. Njiani endelea kumpa ORS.